Upembuzi Yakinifu wa Daftari la Mama

Wenzangu wengi mradi wa mwaka wa tatu hupewa na msimamizi. Mimi wa kwangu nilipewa na mama, tena mbele ya kikundi kizima, kabla hajaniuliza.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo kwa vitendo Arusha, nimeshuka stendi ya Babati usiku wa jana yake na begi moja na kompyuta ambayo betri yake ilishakufa, haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Mama akaniambia nimsindikize kwenye kikao cha VICOBA, nimbebee madaftari. Nikajua ni madaftari tu. Kikao hufanyika hapa hapa Bagara, uani kwa mwanachama mmoja, chini ya mparachichi. Viti vya plastiki vimepangwa duara, katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti.

Walipofika kwenye mengineyo, mama akasimama. Yeye ndiye katibu. Akasema, "Ndugu wanachama, hii shida ya vitabu inakwisha. Huyu binti yangu anasoma kompyuta chuo kikuu, anaingia mwaka wa tatu. Atatutengenezea aplikesheni. Kila mtu ataona hesabu yake kwenye simu."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza itagharimu kiasi gani. Kabla sijafungua mdomo, mwekahazina akasema kikundi kinaweza kutoa laki tisa kutoka kwenye faida, kabla ya mgao wa Desemba. Makofi tena. Mimi nikabaki natabasamu tu, maana hata neno sikuwa nalo.

Laki tisa! Wewe unayesoma hapa huku unasubiri bumu unajua laki tisa ni nini. Mimi niliiona palepale ikiwa imegeuka kompyuta ya mtumba yenye betri nzima, naingia nayo darasani bila kugombania soketi ya ukutani. Na kusema kweli, kutengeneza kitu kinachofunguka, kina jina la kikundi juu na picha ya Mlima Kwaraa nyuma yake, ni kazi ya wiki mbili. Wangefurahi, wangenilipa, na mwezi wa kumi ningekuwa nimesharudi chuo.

Ila ilibidi kwanza nijue hiyo shida ya vitabu ni shida gani. Njiani tukirudi nyumbani nikamuuliza mama. Akanyamaza mpaka tukapita gengeni, ndipo akasema.

Mwezi wa tano, mama mwenye genge alilipa rejesho la mkopo wake. Yeye anasema alilipa 120,000. Leja inasema alilipa 20,000. Siku hiyo alikuwa amesahau kitabu chake cha mwanachama nyumbani, kwa hiyo hakuna pengine palipoandikwa. Kikundi kikafuata leja. Akaendelea kudaiwa laki moja na riba yake, asilimia tano kila mwezi. Hakuondoka kwenye kikundi, lakini aliacha kusalimiana na mama, na watu wakagawanyika. Wengine walisema mwenye genge ni muongo. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema labda laki moja ilipita mkononi mwa katibu.

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa anaomba aplikesheni ili mwandiko wake usiwe tena ushahidi dhidi yake.

Darasani tumefundishwa kwamba kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu unafanya upembuzi yakinifu. Wengi wetu tunaiona kama sura ya pili ya ripoti, ile unayonakili kutoka kwa waliotangulia: kiufundi inawezekana, kiuchumi inawezekana, kiutendaji inawezekana, twende sura ya tatu. Mimi mwenyewe nilishaandika hivyo mwaka wa pili, nikapata B+. Safari hii nikachukua daftari, nikaandika maswali yangu upya kwa lugha ya nyumbani. Nani ataitumia? Atatumia nini kuifungua? Nani ataingiza hesabu kila Jumapili? Nani atalipia? Nani ataitengeneza ikiharibika nikiwa kwenye mitihani? Na swali la mwisho nililiandika baada ya kusita: kama ingekuwepo mwezi wa tano, ingezuia ugomvi huu?

Jumapili iliyofuata nikaanza na la simu. Nilizunguka duara nzima nikamwamkia kila mmoja na kuomba kuona simu yake. Wanachama 28. Simu janja 11, na kati ya hizo mbili ni za waume zao, zimeazimwa kwa siku ya kikao, na moja kioo chake kimepasuka upande wa chini, yaani palepale ambapo mtu angebonyeza "hifadhi". Wenye vitochi 15. Wasio na simu kabisa wawili, mmoja wao ni bibi ambaye ana hisa nyingi kuliko wote. Kisha nikawauliza wale 11 nani ana bando muda ule. Wakainua mikono wanne.

Kwa hiyo ile ahadi ya "kila mtu ataona hesabu yake kwenye simu" ilikuwa ni ya watu wanne, labda saba siku ya mwisho wa mwezi.

Najua unachofikiria. Nami nilifikiria hivyo hivyo: si tutumie menyu ya nyota na reli, ile inayofanya kazi hata kwenye kitochi? Nikaifuatilia. Ile namba fupi haiokotwi. Inatolewa kwa utaratibu wa TCRA, halafu lazima uunganishwe na kila mtandao, maana kwenye duara lile kuna laini za mitandao yote, na kuna gharama za kila mwezi iwe watu wametumia au hawajatumia. Hiyo ni kazi ya kampuni iliyosajiliwa na yenye wateja maelfu, sio ya kikundi cha watu 28 na mwanafunzi mmoja. Ujumbe mfupi wa maandishi ni nafuu zaidi, lakini nao una herufi 160, unalipiwa kila unapotumwa, na bibi mwenye hisa nyingi hana simu ya kuupokelea.

Nikaja kwenye simu janja zenyewe. Kuweka aplikesheni kwenye duka la Google unalipa dola 25 mara moja, hilo linavumilika. Lakini akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kupata watu wasiopungua 12 wa kuijaribu kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuitoa hadharani. Mimi nilikuwa na wiki sita, na simu janja 11 ikiwemo iliyopasuka. Unaweza kukwepa duka ukawatumia faili kwa WhatsApp, sawa. Ila simu yenyewe itamwonya mwenye nayo kwamba faili hili huenda ni la hatari, na kila ukirekebisha kosa moja unaanza upya kutuma kwa kila mtu na kumwelekeza abonyeze wapi. Halafu taarifa zenyewe zinakaa wapi? Kwenye seva. Seva inalipiwa. Desemba wanagawana pesa zote, sanduku linabaki tupu, je, Januari nani analipa?

Likaja suala la sheria, ambalo wengi wetu huwa tunaliruka. Jina la mtu, namba yake ya simu na deni lake ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake ya kuisimamia. Vikundi kama VICOBA navyo havipo hewani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo nikiweka madeni ya wanachama 28 wa Bagara kwenye seva iliyoko nchi nisiyoijua, kwa nywila ninayoijua mimi peke yangu, siwezi kusema ni mazoezi ya darasani tu. Deni la mama wa watu likionekana na mume wake au na jirani, nani anajibu? Najibu mimi, na nyumba yetu iko palepale.

Nikafanya jaribio moja zaidi, hili la bure kabisa. Nilichora kurasa za aplikesheni kwenye karatasi: ukurasa wa hisa, wa mikopo, wa marejesho. Nikamwomba mama wakati wa kikao aandike kwenye leja kama kawaida, kisha avijaze na vile vyumba vya kwenye karatasi kama vile anabonyeza simu. Nikashika saa. Kwa leja alimaliza hisa za watu wote kwa dakika 21. Kwa karatasi zangu dakika 21 zilipita akiwa mtu wa tisa, kwa sababu kila mwanachama nilimpa ukurasa wake na kila mara lazima arudi nyuma kutafuta jina. Kwenye leja majina yote yako mbele yake, jicho linashuka tu. Kile daftari wanachokicheka kimepangwa na watu waliokitumia tangu mwaka 2018.

Mwaka huo sio wa bahati mbaya. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na kwa kuwa mbaazi zetu karibu zote zilikuwa zinaelekea huko, bei ilianguka vibaya. Babati watu walibaki na magunia ndani. Mama anasema ndipo akina mama wa mtaa huu walipoamua kuwa na sanduku lao, lisilongoja mnunuzi. Kwa hiyo lile sanduku sio mchezo kwao. Ndiyo ada za watoto, ndiyo mbegu, ndiyo nauli ya kumpeleka mgonjwa Haydom.

Kufika hapo jibu la "haiwezekani" lilishakuwa wazi kwenye daftari langu. Lakini sikutaka kuwa yule msomi anayerudi nyumbani kuwaambia watu haiwezekani halafu anakaa. Isitoshe, M-Pesa yenyewe ilianza kwa kujaribu na vikundi vya aina hii hii. Mwalimu wetu alitusimulia, nikaenda kukisoma kisa chenyewe vizuri. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa Kenya pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Wazo lilikuwa wakopaji wa kwenye vikundi wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Waliojaribu hawakufika hata 500, mawakala walikuwa wachache wa kuhesabika, na ilitumia simu za kawaida. Kilichotokea ni mambo mawili. La kwanza, kulinganisha hesabu za kwenye simu na hesabu za taasisi yenyewe kuliwatoa jasho. La pili, watu waliitumia kwa mambo yao: mtu anaweka pesa mji mmoja, anasafiri mikono mitupu, anatoa mji mwingine, wafanyabiashara wanalipana, wengine wanalaza mauzo humo mpaka asubuhi. Waendeshaji waliangalia hayo, wakaweka pembeni wazo la marejesho ya mikopo, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma pesa. Mwaka 2008 ikafika kwetu kupitia Vodacom.

Kisa hiki huwa tunakisimulia kama hadithi ya ushindi. Mimi safari hii nilisoma ile nusu ya kwanza. Watu wenye pesa, wataalamu na mtandao wao wenyewe wa simu walijaribu kuhamishia rejesho la kikundi kwenye simu, na pale pa kulinganisha vitabu ndipo palipowasumbua. Nami nilikuwa na wiki sita na betri mbovu. Lakini walinifundisha pia kwamba ukiangalia watu wanafanya nini hasa, unaweza kukuta tatizo sio lile ulilopewa. Kwa hiyo nikamwomba mama leja.

Nilimwambia nataka kujua kuingiza kumbukumbu za nyuma kutachukua siku ngapi, na ni kweli hilo lilikuwa swali langu. Nikachomeka kompyuta sebuleni, nikafungua Excel, nikaanza Januari. Ukiingiza kila Jumapili unapata mambo manne: pesa iliyokutwa sandukuni, hisa zilizonunuliwa, marejesho, na mikopo iliyotoka. Mwishoni wanahesabu tena na kuandika kiasi kilichofungiwa. Januari ikalingana. Februari ikalingana, Machi ilikuwa na tofauti ya 500 ambayo nadhani ni chenji. Siku ya tatu usiku nikafika ile Jumapili ya Mei.

Walifungua na 412,000. Hisa 77 za shilingi 5,000, jumla 385,000. Marejesho kwa mujibu wa leja 246,000. Mikopo iliyotoka 800,000. Ukijumlisha na kutoa, zilitakiwa zibaki 243,000. Chini ya ukurasa, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, na sahihi tatu pembeni, imeandikwa: zilizofungiwa 343,000.

Nikarudia kwa kikokotoo cha simu. Nikarudia kwa kalamu. Laki moja ilikuwemo sandukuni siku ileile, imehesabiwa mbele ya watu wote na kufungiwa kwa kufuli tatu. Hakuna aliyeiba. Mama mwenye genge alikuwa amelipa 120,000, na mama alikuwa ameandika 20,000. Moja iliruka. Wiki iliyofuata walifungua wakakuta 343,000 kama walivyoandika, wakaridhika. Kwa miezi mitatu wote walikuwa wanaangalia mstari wa mwenye genge, na jibu lilikuwa mistari michache chini yake.

Swali langu la mwisho likapata jibu hapo, tena jibu baya kwangu. Aplikesheni isingezuia. Kidole kilekile kilichoruka moja kwenye karatasi kingeiruka kwenye simu, na simu ingejumlisha vizuri sana zile 20,000, ikawaonyesha watu wanne wenye bando kwamba mwenye genge anadaiwa. Na nani angebishana na kompyuta?

Nilimkuta mama uani na taa ya sola, ungo mapajani, anapembua mbaazi za kuuza. Nilikaa mkekani nikasaidia kutoa mawe. Nikamwonyesha ukurasa. Aliusoma mara mbili, midomo ikicheza kimyakimya kwenye kujumlisha. Muda mrefu sikusikia kitu isipokuwa mbaazi kwenye ungo.

Kisha akasema, "Ungeitengeneza tu hiyo aplikesheni, mwanangu."

Sikumjibu. Nilijua anachosema. Mambo yaanze upya kwenye simu, leja ya zamani ifungwe, laki moja isamehewe kimyakimya na kila mtu aendelee. Nami nikapata kompyuta. Ilikuwa ni mradi mzuri kwa kila mtu isipokuwa mama mwenye genge, ambaye angebaki muongo mpaka kaburini.

Nikamuuliza, "Mama, zamani mlikuwa mnamsomaje mtu rejesho lake?" Akafikiri. Akasema mwanzoni kila aliyelipa, katibu alisoma kwa sauti: fulani, kiasi fulani, deni lililobaki kiasi fulani, na duara nzima inaitikia. Waliacha. Kikundi kilikua kutoka watu 15 mpaka 28, vikao vikawa vinaishia giza linaingia, watu wana watoto na mifugo. Na ile hesabu ya kufunga, ya kulinganisha? Nayo waliacha. Walikuwa wanahesabu noti na kuandika tu.

Hapo ndipo mfumo wao ulipoharibikia. Mfumo walikuwa nao. Ulikuwa kwenye masikio ya watu 28, bibi asiye na simu akiwemo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimejiandaa kueleza mimi, kwa upole, kwa maneno ya kitaalamu yasiyomtaja mtu. Mama hakunipa nafasi. Kwenye kufungua kikao alisimama, akafungua leja ukurasa wa Mei, akasoma kuanzia juu mpaka chini. Akasema, "Niliandika 20,000. Zilikuwa 120,000. Pesa ilikuwemo humu sandukuni. Kosa ni langu, naomba radhi kwa kikundi, na kwako wewe mwenzangu." Akaweka mezani faini ya katiba.

Mama mwenye genge hakulia wala hakushangilia. Alisema, "Miezi mitatu napita njia ya mbali nisikutane na nyumba yako." Basi. Akakaa. Walimrudishia riba aliyotozwa. Wanachama wawili waliomba katibu abadilishwe, na hoja hiyo imewekwa mpaka Desemba. Sijui itaishaje, na mama hataki tuizungumzie.

Walipoulizia aplikesheni nilisimama nikawasomea daftari langu lote, simu 11, bando nne, siku 14, seva, sheria. Nikawaambia naweza kuwatengenezea kitu kikafunguka, lakini sitaweza kukitunza, na kitu cha pesa kisichotunzwa ni hatari kuliko daftari. Mwekahazina alionekana kuvunjika moyo kweli. Mzee mmoja kati ya wanaume watatu wa kikundi akasema, "Sasa huko chuoni mnasoma nini?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ila ilichoma.

Nilichowapa ni hiki. Karatasi moja yenye vyumba: tumefungua na ngapi, hisa ngapi, marejesho ngapi, mikopo ngapi, zinatakiwa ngapi, zimehesabiwa ngapi. Namba mbili za mwisho zisipolingana, sanduku halifungwi na hakuna anayeondoka. Kila rejesho linasomwa kwa sauti kabla kalamu haijahamia kwa mtu mwingine. Kikao kinaanza saa nane badala ya saa tisa, ndiyo gharama kubwa ya mradi huu na waliibishania kuliko kitu kingine. Mwishoni, wale watatu wenye funguo wanasaini, na wawili kati yao wenye simu janja wanapiga picha ukurasa na kuhifadhi, bila kurusha popote. Nilitoa nakala 50 stendi, shilingi 100 kila moja. Mradi mzima shilingi 5,000, na nililipa mimi.

Nilikaa Jumapili tatu zaidi. Ya kwanza namba hazikulingana, tofauti 10,000, wakatafuta dakika arobaini huku watu wananuna, ikakutwa ni hisa mbili za mtu aliyezungumza wakati anasomewa. Ya pili na ya tatu zikalingana.

Sasa niko chuo, kompyuta yangu bado imechomekwa ukutani, na tumeambiwa tuwasilishe mapendekezo ya miradi. Nusu ya darasa wanaandika aplikesheni: ya vikundi, ya wakulima, ya bodaboda, ya kutafuta vyumba. Sisemi msiandike. Nyingine zinawezekana kabisa, na kuna siku Bagara watakuwa na simu janja 28 na mtu wa kuitunza programu yao. Ninachoomba ni kwamba ile sura ya pili msinakili. Nendeni mkakae kwenye duara, mwombe kuona simu, mshike saa, mwombe daftari lao la zamani mlijumlishe mpaka mwisho. Na mjiulize kabla ya kulipwa kama mtaweza kuwaambia watakachokuwa hawataki kusikia.

Siku ya kuondoka Babati, mama mwenye genge alinikuta stendi ananunua mzigo. Alinipa nyanya kwenye mfuko, nyingi kuliko ninavyoweza kula bwenini. Nilipotaka kulipa akaniuliza, "Hizi nazo utaziandika wapi?"